Kabla hujamhukumu mhadhiri kwa fomu za wanafunzi

Nimekuwa mkuu wa idara kwa miaka sita katika chuo kimoja hapa Mbeya. Kila muhula ukiisha naletewa karatasi yenye majina ya wahadhiri na wastani wa alama walizopewa na wanafunzi, kuanzia 1 hadi 5. Mwaka wa kwanza niliisoma kama matokeo ya mtihani: wa 4.3 nikampongeza, wa 2.9 nikamwita ofisini.

Wa 2.9 alikuwa mama aliyefundisha takwimu mkondo mmoja wa mwaka wa kwanza. Nilipomsomea ile namba akaniuliza, "Mkuu, wenyewe wamesema nini?" Sikuwa na jibu, maana maoni sikuwa nimeyafungua. Nikaandika kwamba ufundishaji wake hauridhishi. Sentensi hiyo ilimchelewesha kupanda cheo, na inaniuma mpaka leo.

Mwaka uliofuata, mhadhiri wa mwaka wa pili akaniambia kuwa wanafunzi waliopita kwa yule mama hawahangaiki na jedwali kama wale wa mkondo mwingine. Nikarudi kwenye maoni. Wengi walilalamikia mazoezi ya kila wiki na usahihishaji mkali. Wengine, kwa maneno tofauti, waliandika jambo moja: mvua ikinyesha hatusikii. Alikuwa amepangiwa ukumbi wa bati usio na dari, na ninyi mnaijua Januari ya Mbeya. Siku moja ya mvua nikaenda kukaa benchi la nyuma. Nilimwona akifungua mdomo na kuandika ubaoni, lakini sauti haikunifikia hata kidogo. Kwa alama ile chache nilikuwa nimemdai yeye deni la bati.

Suala la ukali wa mazoezi nalo lina ushahidi. Mwaka 2010 Scott Carrell na James West walichapisha utafiti wao kutoka chuo cha jeshi la anga la Marekani, ambako mwanafunzi hachagui mwalimu. Kwa wastani, walimu waliowawezesha wanafunzi kupata alama za juu kwenye kozi ya kwanza ya hesabu walisifiwa sana kwenye tathmini za wanafunzi, lakini wanafunzi haohao walifanya vibaya zaidi kozi zilizofuata.

Kwa hiyo, mkuu mwenzangu, kabla ya wastani uliza wamejaza wangapi. Darasa la watu 84, fomu 11: wanane wametoa 5, watatu wenye hasira wametoa 1. Wastani ni 3.9, na hakuna hata mmoja aliyesema hivyo. Uliza pia nani amejaza. Kwetu mfumo haumwoneshi mwanafunzi matokeo yake mpaka ajaze tathmini. Nimemkuta kiongozi wa darasa koridoni ana simu saba za wenzake, anabonyeza 3, 3, 3 mpaka chini, bila kusoma swali.

Wanafunzi ni mashahidi wazuri wa walichokiona: kama mwalimu alifika, kama koswaki, yaani kazi za muhula, ilirudi kabla ya mtihani wa mwisho, kama anasikika, kama anawadhalilisha. Hapo waamini. Kama maudhui yamepitwa na wakati au mtihani umetungwa vizuri, hilo mwulize mhadhiri mwenzake aliyeingia darasani na kupitia karatasi zilizosahihishwa. Mwaka 2018 nchini Kanada, mwamuzi wa mgogoro wa kazi katika chuo kikuu cha Ryerson aliamua kuwa alama za wanafunzi zisitumike kupima ubora wa ufundishaji katika kupandisha watu vyeo.

Lakini ukikuta fomu hata moja inayosema mwanafunzi anadaiwa mwili wake ili afaulu, usiichanganye kwenye wastani. Rushwa ya ngono ni kosa la jinai kwa sheria ya rushwa ya mwaka 2007. Ipeleke panapohusika siku hiyohiyo.

Siku hizi nawaomba wahadhiri wagawe vikaratasi wiki ya sita, bila majina, maswali mawili tu: nini kinakusaidia, nini kinakukwamisha. Wiki hiyo bado kuna la kurekebisha, na aliyeandika ndiye atakayefaidika. Yule mama alikuwa wa kwanza kukubali. Tulimhamishia ukumbi wenye dari, na nimeandika barua kuomba sentensi yangu ifutwe kwenye jalada lake. Kamati inakaa mwezi ujao.