Tetra wanne usiku, wawili asubuhi

Pole mkuu. Umeuliza kama maji ndiyo yaliyowamaliza tetra wako wawili wa neoni, wale samaki wadogo wa mapambo, maana asubuhi hukukuta hata mzoga. Mimi namshuku yule enjelifishi, samaki mkubwa zaidi uliyemweka nao tangi moja. Maji yakiua, mara nyingi utamkuta samaki amelala chini au amenasa kwenye filta. Neoni ana sentimita 3 na ushei tu, mwembamba kama njiti ya kiberiti. Enjelifishi aliyekomaa anammeza mzima, tena usiku, neoni wakiwa wametulia na ule mstari wao wa buluu umefifia. Wote asili yao ni Amazoni, lakini ujirani hapo hakuna.

Enjelifishi mtafutie tangi lake. Hao waliobaki waongezee wafike 8 au 10, lita zako 60 zinatosha. Wakiwa wawili watakaa nyuma ya filta mpaka usahau kama unao.

Ila usikimbilie dukani leo. Tangi lako la wiki mbili bado ni changa, bakteria wa kushughulikia amonia (sumu itokanayo na uchafu wa samaki) hawajajaa, na neoni hawana uvumilivu huo. Subiri mwezi mmoja na zaidi. Maji ya bomba yaache kwenye ndoo wazi siku nzima, klorini itoke. Kama ni ya kisima chenye chumvichumvi, kusema kweli fuga gapi tu, samaki wadogo wanaovumilia maji hayo. Neoni wanataka maji laini, yaani yasiyo na madini mengi, joto nyuzi 22 hadi 26.

Siku ukiwaleta, zima taa, uache mfuko wao uelee juu ya maji dakika 20 kabla ya kuwafungulia.