Wasomaji Wauliza: Insha Zinazofanana na Mtoto Asomaye Bila Kuelewa

SWALI: Ninafundisha Kiswahili Darasa la IV katika shule ya msingi ya serikali. Wanafunzi wangu wananakili vizuri na imla wanaiweza, lakini nikiwapa insha, karibu wote huandika: "Siku moja niliamka asubuhi, nikapiga mswaki, nikanywa chai." Darasa ni kubwa na vitabu vya hadithi ni vichache. Nifanyeje?
Mwalimu, Mbagala

JIBU: Mwalimu, watoto hao hao wakitoka mapumziko husimuliana mambo mengi bila kufundishwa na mtu. Maneno wanayo, kinachokosekana ni daraja kati ya mdomo na daftari, kwa kuwa mtoto huandika kwa urahisi kile alichokwisha kukisema kwa sauti. Kwa hiyo ningekushauri dakika 15 za mwanzo za kipindi zisiguse kalamu kabisa.

Anza na vitendawili. Tega "Nyumba yangu haina mlango", na wakishajibu kuwa ni yai, waulize ni kwa nini yai limeitwa nyumba na kwa nini mlango umetajwa kwa kukosekana kwake. Kisha kila wawili wachague kitu kilichomo darasani, wakitazame vizuri, na watunge kitendawili chao bila kukitaja. Anayetazama chaki anaweza kuandika "Kila nisemapo, nafupika", na hiyo ni sentensi ambayo hakuinakili popote. Darasa likishindwa kutegua, mtegaji apewe mji kama ilivyo desturi, ila badala ya kujibu tu, aandike sentensi tatu za aliyoyakuta huko: akipewa Bagamoyo, nani alimpokea, alikula nini, alirudi na nini. Utashangaa jinsi mswaki na chai vitakavyotoweka.

Kuhusu upungufu wa vitabu, mji wenyewe umejaa maandishi. Waombe watoto wanukuu jina la kanga moja ya nyumbani, kisha waandike kisa cha aliyeinunua na aliyekusudiwa kuisoma. (Yapitie wewe kwanza, maana baadhi ya kanga zimeandikwa kwa ajili ya jirani, si kwa ajili ya darasa.) Maneno yaliyoandikwa nyuma ya daladala nayo yanafaa kwa kazi hiyo hiyo.

Wingi wa wanafunzi usikutishe. Kundi la watoto sita likiandika hadithi moja kwa kupokezana, utasahihisha karatasi chache tu. Sahihisha jambo moja kila wiki: wiki hii r na l, wiki ijayo h inayoachwa katika "huyu" na "hapa". Daftari lililojaa wino mwekundu humfundisha mtoto kuandika kwa kifupi ili akosee kidogo.

SWALI: Mwanangu wa Darasa la II anasoma haraka bila kusita, lakini nikimuuliza amesoma nini, ananyamaza. Je, ana tatizo?
Mama, Tabata

JIBU: Mama, huenda hana tatizo lolote. Kiswahili huandikwa karibu kama kinavyotamkwa na silabi zake nyingi huishia kwa irabu, hivyo mtoto aliyezimudu silabi anaweza kulitamka hata neno ambalo hajawahi kulisikia. Kasi yake inaonyesha kwamba anatamka, lakini haionyeshi kwamba anaelewa.

Mpe maandishi yanayodai kutendwa. Mwandikie kwenye kikaratasi: "Chukua kikombe cha bluu, kiweke chini ya meza, kisha mwite bibi." Kaa kimya utazame. Akikosea, asisomewe, arudie mwenyewe. Akizoea, abadilishe zamu, akuandikie wewe, nawe utekeleze alichokiandika hata kama kimekosewa, ili aone kosa lake likitembea sebuleni. Kwenye hadithi, funga kitabu katikati na umwombe akisie kitakachofuata kabla hajaendelea. Kama kitabu kimoja kimechakaa kwa kurudiwa, mpeleke Maktaba Kuu ya Taifa, Barabara ya Bibi Titi Mohamed, iliyofunguliwa mwaka 1967, akachague kingine yeye mwenyewe.

SWALI: Je, vitanza ndimi si kupoteza muda wa kipindi?
Mzazi, Kigamboni

JIBU: Hapana, mradi baada ya kucheka watunge vya kwao. Mtoto anayetafuta maneno matano yanayoanza na "ka" yenye kuleta maana pamoja anafanya kazi ya msamiati na sarufi kwa wakati mmoja. Dakika tano zinatosha.