Akselerometa ya simu na umbali: tatizo si kelele

SWALI: Shikamoo mhandisi. Niko Uyole, Mbeya. Nimetengeneza programu ya simu inayosoma akselerometa (kihisi cha simu kinachopima mchapuko, yaani jinsi kasi inavyobadilika) na kujumlisha mara mbili: kwanza napata kasi, kisha umbali. Nimezunguka shamba letu la viazi la ekari moja kwa dakika 3 hivi, programu ikaniambia karibu kilomita 3! Nitumie chujio gani kuondoa kelele?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Hakuna chujio la kukuokoa, na wanaowauzia vijana machujio hayo wananikera sana.

Kelele, yaani zile namba zinazorukaruka juu na chini, ukizijumlisha hufutana kwa sehemu kubwa. Kinachokumaliza ni kosa dogo lililotulia. Simu iliyolala mezani husoma mchapuko wa mita 9.8 kwa sekunde kwa sekunde kwa sababu ya uvutano wa dunia, nawe huwezi kuutoa bila kujua simu imeinama kiasi gani. Kosea digrii 1 tu, inabaki 0.17 ambayo programu inaihesabu kuwa ni safari. Sasa piga hesabu: nusu ya 0.17, mara 180, mara 180 tena, maana dakika zako 3 ni sekunde 180. Ni mita 2,754. Ndizo kilomita zako hizo! Ungetembea dakika 6, kosa lingekuwa mara nne. Chujio litalitambuaje, wakati linafanana kabisa na mchapuko wa kweli?

Akselerometa itumie kuhesabia hatua, kwa sababu mtikisiko wa kila hatua unaonekana wazi. Pima mita 50 kwa futi kamba, zitembee, ugawanye kwa hatua zako upate urefu wa hatua moja. Shamba likiwa wazi, GPS ya simu itakupa umbali ukiwa na kosa la mita chache.

Ila usimpimie mtu shamba la kuuza. Nimekaa kikao cha majirani waliogombania matuta manne ya viazi kwa namba iliyotoka kwenye simu. Upande wa ekari ni kama mita 64. Ukikosea mita 3 upande mmoja tu, umemnyang'anya mtu karibu mita za mraba 190. Kazi hiyo ni ya mpimaji ardhi aliyesajiliwa, anayeweka mawe ya mpaka. Anayejitangaza kupima mashamba kwa simu bila GPS, mwambie asimame palepale dakika 3 akiigeuzageuza simu mkononi, kisha msome pamoja ametembea kilomita ngapi.