Mwanangu, plau hiyo itaiinamisha pikapu

Kitinda mimba wangu,

Ujumbe wako niliusoma jana usiku, leo asubuhi nikaurudia. Umechoka na koleo, kiuno kinakusumbua, na sasa umempata mtu anayeuza plau ya theluji, lile bapa la kufungwa mbele ya gari la kusukumia theluji, ya umbo la V, futi 8, imetumika misimu mitatu. Unauliza: "Mama, niichukue?" Na chini yake umeongeza kwamba mwenye nayo kakuhakikishia pikapu yako ya nusu tani itaibeba bila shida.

Usiichukue. Mzigo wa mwenzio kanda la usufi. Yeye hataiendesha hiyo gari, wala hatalipia boljointi zake, vile viungo vya magurudumu ya mbele.

Mimi nilishalipia za kwangu. Plau yangu ya kwanza niliinunua hivyohivyo, kwa kutazama plau badala ya kutazama gari. Ilikuwa ya chuma kizito, imepakwa rangi upya, inapendeza. Jioni ya kwanza nilipoitundika, pua ya gari ilishuka mpaka taa zikawa zinamulika theluji ya hapo mbele ya bampa tu. Bapa nikilinyanyua hadi mwisho, chini yake unapita unene wa kiganja, basi. Kila nikivuka tuta dogo linakwangua. Msimu haujaisha, tairi za mbele zimelika upande mmoja, na fundi akaniambia boljointi zote mbili zimekwisha. Gari yenyewe haikuwa mbovu. Niliitwika kisichoiweza.

Plau za V ni vyombo vizuri, sizisemi vibaya. Zikifungwa zimechongoka mbele zinapasua theluji iliyokwisha kushikamana, na ukizigeuza kinyume zinakusanya mzigo kama mikono miwili. Anayesafisha maegesho ya maduka usiku kucha anaihitaji. Lakini za ukubwa huo huwa na kilo 350 hadi 400 hivi, zina pini na mitungi ya haidroliki (inayosukumwa na mafuta) zaidi ya kuharibika, na wewe una njia moja iliyonyooka kutoka barabarani hadi nyumbani.

Sasa nisikilize kwenye hesabu, maana hapa ndipo watu wanapopotea. Fungua mlango wa dereva, utazame kwenye nguzo yake. Kuna kibandiko kinachotaja uzito wa juu unaoruhusiwa wa gari nzima pamoja na mzigo wake, na chini ya hapo uzito wa kila ekseli (mhimili wa magurudumu), ya mbele na ya nyuma. Unaoutaka ni ule wa ekseli ya mbele. Kisha jaza tangi mafuta, keti ndani, uende kwenye mizani ya magari, upime magurudumu ya mbele peke yake. Toa hicho kwenye kile cha kibandiko. Kinachobaki ndicho ulicho nacho cha kuchezea.

Ila usidhani plau ya kilo 360 inaongeza kilo 360. Unaukumbuka mzegazega, ule mti wa begani wenye mzigo kila ncha? Mzigo ukiwa ncha moja tu, bega linaelemewa zaidi ya uzito wa mzigo wenyewe, kwa sababu mkono wako inabidi uvute ncha ya pili chini. Plau nayo inaning'inia mbele ya ekseli, si juu yake. Tuseme uzito wake umekaa mita 1.5 mbele ya ekseli, na ekseli mbili zimeachana mita 3.6. Ekseli ya mbele itaongezewa kama kilo 510, na ile ya nyuma itapunguziwa kama 150. Yaani mbele umeelemewa, na nyuma tairi hazikanyagi vizuri, wakati unataka zisukume kwenye barafu. Kama mizani imekuambia umebakiwa na kilo 350, plau hiyo imekataa yenyewe, hata kabla hatujafika kwenye bei. Plau nyepesi ya kilo 220 kwa hesabu ileile itaongeza kama 310. Hiyo inaingia, ingawa kwa kubana.

Ncha ya pili ya mzegazega uiweke mwenyewe: mifuko ya mchanga nyuma kabisa ya kichanja cha pikapu, karibu na mlango wake, si katikati. Ikikaa nyuma ya ekseli ya nyuma inarudisha ukanyagaji na kupunguza kidogo ulemeo wa mbele. Kiasi gani, kitabu cha plau kitakutajia. Uifunge isitembee. Mfuko wa mchanga ukirushwa na breki ya ghafla unaweza kupasua kioo cha nyuma. Mashine ya kuinua plau utakuta imeelezwa vizuri kwenye matangazo. Habari ya mifuko hii hutaiona tangazoni hata siku moja.

Watengenezaji wa plau wana majedwali: unaingiza aina ya gari na mwaka wake, yanakuambia ni plau zipi zinaikubali. Yafuate. Na tazama kama gari yako ilitoka kiwandani na maandalizi ya plau, maana baadhi ya pikapu huuzwa na springi za mbele ngumu zaidi na altaneta kubwa kwa kazi hiyo. Usiamini mtu akikuambia utaongeza springi mwenyewe kisha mambo yatakuwa sawa. Springi zitainua pua, lakini ekseli, breki na boljointi ni zilezile, na namba ya kwenye kibandiko haibadiliki.

Upana. Hapa wengi hupima bapa likiwa limenyooka. Lakini kazini utaligeuza pembeni ili theluji imwagike upande mmoja, na likigeuka nyuzi 30, bapa la futi 7.5 linafagia kama futi 6.5 tu. Upana huo ndio unaotakiwa ufunike tairi zako kutoka nje hadi nje, la sivyo utaikanyaga theluji ambayo hujaiondoa, ikashindiliwa ikawa barafu. Pima tairi zako. Pikapu kubwa ya kawaida hukaribia mita 2 kutoka ukingo wa nje hadi wa nje, kwa hiyo futi 7.5 ndizo zako. Bapa la futi 6.5 ni zuri na jepesi, ila ni la gari ndogo zaidi.

Ulisema njia yako ina mita 40, upana mita 3.5, yote changarawe isipokuwa sakafu ya zege mbele ya banda la gari. Theluji ya sentimita 20 juu ya hapo ni mita za ujazo 28. Ikiwa ni ile kavu iliyoanguka sasa hivi, nyepesi kama usufi, ni tani 3 kasoro kidogo. Ikiwa imelowa, mita moja ya ujazo inaweza kufika kilo 300, na hapo unasukuma tani 8. Ndiyo maana nakuambia usingoje mvua ya theluji iishe. Toka ikifika sentimita 10, rudi tena baadaye. Plau ndogo inayotoka mara mbili inafanya kazi ya plau kubwa, bila kuua gari.

Hiyo changarawe ndiyo itakayokusumbua kuliko kitu kingine. Mara ya kwanza ya msimu, ardhi haijaganda bado, ukingo wa chuma wa bapa unaingia chini na kukomba kokoto zote hadi kwenye majani. Theluji ikishayeyuka utazirudisha kwa reki, jiwe kwa jiwe. Plau nyingi zina viatu, sahani ndogo za chuma zinazoshikilia bapa juu kidogo. Vinasaidia, lakini kwenye ardhi laini navyo huzama. Kilichonisaidia mimi ni bomba. Chukua bomba la chuma lenye urefu wa bapa, fundi alipasue upande mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha ulivishe kwenye ukingo wa chini na kulikaza kwa bolti. Badala ya kisu, ardhini kunapita kitu cha mviringo, kinateleza juu ya kokoto. Ardhi ikishaganda unalivua. Mwanzoni niliona kama mchezo wa watoto, sasa siwezi msimu bila hilo bomba. Mbele ya banda, kwenye zege, ukingo wa chuma hauna neno. Ungekuwa na matofali ya kupanga ningekuambia uweke ukingo wa mpira.

Jambo jingine ambalo huwezi kulikosa ni springi za kuliangusha bapa. Chini ya theluji kuna vitu huvioni. Mimi niligonga mfuniko wa chuma wa shimo la maji uliokuwa umeinuka kidogo tu. Bapa zima lilianguka mbele kama mtu aliyejikwaa, likaupita mfuniko, springi zikalivuta likasimama tena. Mimi chai ilinimwagikia mapajani, gari haikupata hata mkwaruzo. Kuna plau zinazoangusha bapa zima, na kuna zinazokunja ukanda wa chini peke yake. Hizi za pili hazimwagi theluji iliyo mbele kila zinapogonga, lakini kwa kazi ya nyumbani aina yoyote inatosha. Isiyo na springi kabisa, usipewe hata bure.

Kuinua: za bei nafuu zaidi hutumia winchi na ukanda, na kuligeuza bapa unashuka mwenyewe kwenye baridi, unachomoa pini. Kwa njia iliyonyooka unaweza kuvumilia. Lakini wewe una lile banda. Theluji iliyo mlangoni huwezi kuisukuma, kuna mlango. Unalishusha bapa karibu na mlango na kurudi rivasi ukiikokota. Bapa jepesi lililolala kwa uzito wake tu litaelea juu ya theluji iliyoshikamana. Kwa hiyo tafuta yenye haidroliki inayolikandamiza chini. Kwenye plau nyepesi kitu hicho kina thamani kuliko bapa lenyewe kuwa la chuma au la plastiki. (Plastiki haishiki kutu na theluji inateleza vizuri. Basi, hakuna zaidi.)

Pampu hiyo ya haidroliki inakula umeme sana kila unapoinua. Betri iliyochoka itakuonyesha: taa zinafifia, bapa linapanda kwa kusitasita. Weka betri nzuri kabla ya msimu, na viungio vya waya vilivyo mbele uvipake grisi yake ya umeme, kwa sababu chumvi ya barabarani huvila.

Ukiangukia tena ya mkono wa pili, uliza kwanza vishikizo vyake vya chasisi ni vya gari gani. Vishikizo na waya hutengenezwa kwa aina fulani ya gari na miaka fulani, na kuvinunua upya kunaweza kumaliza nafuu yote uliyodhani umeipata. Kisha piga magoti uangalie fremu ya pembe tatu nyuma ya bapa: nyufa kwenye welding, au welding mpya juu ya ya zamani. Tikisa pini. Pitisha kidole kwenye fimbo za mitungi. Zikiwa na vishimo vya kutu zitakata sili. Fungua mafuta ya haidroliki. Yakiwa meupe kama chai ya maziwa, yameingia maji, na maji yataganda ndani siku unayoihitaji zaidi. Na rangi mpya iogope. Mimi ilinidanganya.

Mwendo wa kusukuma ni wa pole, kilomita 15 kwa saa zinatosha. Kitakachoua giaboksi ni kuingiza rivasi gari haijasimama, na kazi hii nusu yake ni rivasi. Simama kabisa, hesabu moja, ndipo ubadilishe. Barabarani na plau usizidi kilomita 70, na tazama geji ya joto, kwa kuwa bapa lililoinuliwa linaizibia rejeta upepo. Ligeuze pembeni na ulishushe kidogo. Ukiegesha, bapa liwe chini. Usiweke mguu wala mkono chini yake likiwa juu, hata kwa sekunde ya kuokota kitu.

Kabla theluji haijaanza, chomeka fito pande zote mbili za njia, na uamue rundo litakaa wapi. Mara za mwanzo sukuma mbali kupita unavyoona inahitajika, hata mita 2 nje ya ukingo. Rundo likishaganda halisogei tena, na kila theluji mpya inakunyang'anya kipande cha njia, hadi mwisho wa msimu gari inapita kwa kukunja vioo. Na usiisukume ng'ambo ya barabara ya umma. Sehemu nyingi ni kosa, na ni kumtupia jirani tani zako.

Leo mchana piga picha ya hicho kibandiko cha mlangoni unitumie. Mwambie mwenye plau ya V unamshukuru. Pesa usitoe hata ya kushikia, mpaka tuongee.

Mama yako