Kuvuka mipaka ya Ulaya kwa ndege ndogo: ushauri kwa rubani mgeni

Kutoka pwani ya Kent hadi Le Touquet, kaskazini mwa Ufaransa, ndege ya injini moja haichukui hata saa nzima, na ndiyo maana marubani wengi wa Uingereza huchagua njia hiyo kwa safari yao ya kwanza ya nje. Mimi pia nilianzia hapo. Ninachotaka kuwaambia mnaoanza ni kwamba kuruka juu ya bahari ni sehemu nyepesi ya siku hiyo. Sehemu nzito ni kutua, na hasa kuondoka, mahali ambapo maafisa wa mpaka wapo na kwa saa ambayo wapo. Panga mpaka kwanza, ndipo upange njia na mafuta.

Uingereza haikuwahi kuwa ndani ya eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya ambazo kwa kawaida hazikagui pasipoti kwenye mipaka baina yao, na tangu kipindi cha mpito cha kujitoa Umoja wa Ulaya kilipokwisha tarehe 31 Desemba 2020 imekuwa pia nje ya umoja wa forodha wa Ulaya. Kwa hiyo rubani anayetoka huko hawezi kutua kwenye kiwanja chochote cha nyasi kilichompendeza kwenye ramani, bali ni lazima aingilie kwenye kiwanja kilichoteuliwa kuwa kituo cha mpaka, na siku ya kurudi atokee kwenye kiwanja cha aina hiyo hiyo. Baadhi ya viwanja hivyo havina maafisa wanaokaa hapo siku nzima. Huja wakiombwa, na notisi ya saa 24 si jambo la ajabu. Soma taarifa rasmi za anga za nchi unayokwenda, soma matangazo ya siku ile ile, kisha piga simu kiwanjani. Usitegemee maelezo ya mwenzako aliyekwenda mwaka jana, kwa sababu kiwanja kinaweza kupoteza hadhi hiyo. Angalia pia saa zimeandikwa kwa majira gani: nyingi huandikwa kwa saa za kimataifa, yaani UTC, na wakati wa kiangazi Ufaransa huwa saa 2 mbele ya hizo, Uingereza saa 1.

Kwa upande wa Uingereza kuna fomu ya GAR (General Aviation Report), yaani taarifa ya ndege ndogo na waliomo inayopelekwa kwa maafisa wa mpaka, ambayo tangu tarehe 6 Aprili 2024 hujazwa mtandaoni kwa kila safari ya kimataifa, ya kutoka na ya kuingia, mapema isizidi saa 48 na kuchelewa isipite saa 2 kabla ya kuruka. Anayekiuka anaweza kutozwa hadi pauni 10,000. Jaza ukiwa na pasipoti zenyewe mkononi, na namba isomwe na mtu wa pili, kwani tarakimu moja iliyokosewa inatosha kumfanya afisa akuweke kando ya ndege yako hadi aridhike.

Kosa langu mwenyewe lilikuwa safari ya kurudi. Niliwaomba maafisa hadi saa 11 jioni, nikaona muda huo unatosha. Saa 10 ukungu ukaingia kutoka baharini, na ulipoondoka ilikuwa saa 12 kasoro robo. Shangazi yangu, aliyekuwa abiria wangu, aliniuliza kwa nini tusiondoke ilhali jua linawaka na ndege imejaa mafuta. Nilimweleza kuwa ofisi ya mpaka imefungwa, na kwamba kuruka bila kukaguliwa ni kutoka nchini kinyume cha sheria. Tulilala huko, nikaahirisha mpango wa safari, nikajaza GAR upya kwa saa mpya, na shangazi akakosa zamu yake ya asubuhi. Tangu siku hiyo sipangi kuondoka saa ya mwisho ya maafisa, na abiria huwaambia mapema kwamba huenda tukalala.

Jambo linalowachanganya wengi ni kuchukulia uhamiaji na forodha kuwa kitu kimoja. Uswisi na Norwei zimo ndani ya Schengen, lakini hazimo katika umoja wa forodha wa Ulaya; ukitoka Ujerumani kwenda Uswisi huenda pasipoti yako isikaguliwe, lakini taratibu za forodha zinabaki. Ireland ni kinyume chake: ni mwanachama wa Umoja wa Ulaya, ila iko nje ya Schengen.

Hapo ndipo ninapowasihi kwa dhati wenzangu wanaoruka na pasipoti za Tanzania, Kenya na nchi jirani. Kibali cha kuishi Uingereza si viza ya Schengen, na leseni ya rubani binafsi haikupi nafuu wanayopewa wafanyakazi wa mashirika ya ndege. Viza ya Schengen haikupi ruhusa ya kuingia Ireland. Aliyepewa viza ya kuingia mara moja, akaenda Ufaransa, akarudi Uingereza Jumamosi na kutaka kwenda Ubelgiji Jumapili, atakuta viza hiyo imekwisha kutumika hata kama tarehe zake bado zipo. Kwa hiyo, kabla ya kumkubalia abiria yeyote, mwombe afungue ukurasa wa viza mbele yako, mkasome pamoja sehemu inayotaja idadi ya kuingia.