Kilele cha 57 hakitoshi kumkamata mwenye mafuta

Ndugu, umesema donge la lami uliloliokota ufukweni na mafuta ghafi ya tangi la meli yote yanakupa vilele vya 57, 71 na 85 kwenye spektrometa ya masi (chombo kinachovunja molekuli na kupima uzito wa vipande vyake, kila uzito ukiwa na kilele chake), ukauliza kama huo ni ushahidi kwamba donge limetoka kwenye meli hiyo. Hapana. Hivyo ni vipande vya minyororo ya alkani (molekuli za kaboni na hidrojeni tu), na karibu kila mafuta ya petroli yanavyo.

Fungua data yako upya uitazame ioni (kipande chenye chaji) ya 191. Hapo hujitokeza hopani, mabaki ya utando wa bakteria wa kale. Kisha 217, ya sterani, mabaki kama hayo ya viumbe wa kale kama mwani. Alkani nyepesi hupeperuka juani, zile nyoofu huliwa na vijidudu, lakini hopani huvumilia. Linganisha uwiano wa vilele, si urefu wa kilele kimoja kimoja, maana donge lako limeshachakaa. (Ingekuwa dizeli, hopani ungezikosa karibu zote, hubaki kwenye mafuta mazito wakati wa kusafisha.)

Kazi hii ni nzito kuliko inavyoonekana. Baada ya meli ya Exxon Valdez kumwaga mafuta Alaska mwaka 1989, baadhi ya madonge ya lami yaliyookotwa huko huko, kwenye ghuba ya Prince William Sound, yalipopimwa yalionekana kuwa na asili ya California kabisa. Macho yangemhukumu asiyehusika.

Na tafadhali, sampuli iweke kwenye chupa ya kioo. Ukiona kilele kikubwa cha 149, hicho kwa kawaida ni cha plastiki, si cha mafuta.