Maswali ya Wasomaji: Chuo cha walimu wa michezo kipimwe kwa lipi?

SWALI: Mimi ni mkuu wa idara ya elimu ya michezo katika chuo cha ualimu. Wanachuo wetu wanafaulu mitihani vizuri, lakini shule zinazowapokea zinalalamika kwamba wakifika uwanjani wanatoa mpira, wanapuliza filimbi, basi. Uongozi wa chuo unataka tathmini ya programu nzima. Nianzie wapi?

JIBU: Malalamiko hayo yachukulie kwa uzito, kwa sababu mtihani wa karatasi hauwezi kukuonyesha jambo hilo. Mtihani unapima anachokijua mwanachuo. Shule inaona anachoweza kuwafanyisha watoto. Tathmini yenu ianzie kwa mtoto aliye uwanjani, kisha irudi nyuma hadi kwenye kozi zenu.

Kabla ya kukusanya karatasi yoyote, andikeni maamuzi mnayotarajia kuyafanya. Je, mko tayari kuondoa kozi? Kuongeza wiki za mazoezi ya kufundisha? Kubadilisha mfumo wa kupima? Taarifa isiyogusa uamuzi hata mmoja msiihangaikie. Idara nyingi huzamia hapo: makabati yanajaa madodoso, na muhula unaofuata kila kitu kiko vilevile.

Baada ya hapo chora ramani ya mtaala. Upande wa kushoto orodhesha mambo ambayo mhitimu lazima aweze kuyatenda: kuandaa somo, kusimamia darasa kubwa, kuonyesha stadi na kuisahihisha, kupima maendeleo, kulinda usalama, kumshirikisha mtoto mwenye ulemavu. Juu andika kozi zote. Katika kila kisanduku weka F kama jambo hilo linafundishwa, M kama mwanachuo analifanyia mazoezi, na P kama anapimwa kwa kulitenda. Kila mkufunzi ajaze akiwa ameshika mkononi maswali ya mitihani na kazi alizotoa. Asijaze kwa kumbukumbu wala kwa kunakili muhtasari wa kozi, maana muhtasari huahidi mengi kuliko yanayofanyika.

Mara nyingi ramani huonyesha F na P tele kwenye anatomia na fiziolojia ya mazoezi, ilhali kumshirikisha mtoto mwenye ulemavu kuna F moja tu, ya mhadhara mmoja. Mstari wenye F tatu bila M hata moja ndio unaozaa mwalimu wa kutoa mpira na kukaa kivulini. Suala la ulemavu lisiachwe liwe la hiari: Mkataba wa UNESCO wa elimu ya viungo na michezo wa mwaka 1978, uliofanyiwa marekebisho mwaka 2015, unalitaja somo hili kuwa haki ya msingi ya kila mtu. Mtoto anayeambiwa akae pembeni ashike mabegi ya wenzake amenyimwa haki hiyo, na aliyemnyima ni mwalimu ambaye hakuwahi kufundishwa kubadilisha ukubwa wa mpira, umbali wa shabaha au sheria ya mchezo.

SWALI: Tunapowatembelea wanachuo kwenye mazoezi ya kufundisha, mkufunzi mmoja anatoa alama 85 na mwingine 60 kwa somo lilelile. Fomu yetu ina vipengele 30. Tatizo ni fomu au ni sisi?

JIBU: Ni vyote viwili, na dawa ni moja: punguzeni sifa, ongezeni hesabu. Kipengele kama “anasimamia darasa vizuri” kila mmoja hukijaza kwa picha aliyo nayo kichwani. Lakini dakika ambazo watoto walikuwa wakisubiri zamu, hizo zinahesabika.

Njia mojawapo iliyojaribiwa sana ni SOFIT, mfumo wa kutazama muda wa somo la michezo unavyotumika, iliyochapishwa mwaka 1991 na Thomas McKenzie na wenzake huko Marekani. Unachagua watoto wanne na mmoja wa akiba. Unamtazama mmoja kwa sekunde 10, unaandika kwa sekunde 10, na unaendelea naye kwa dakika nne kabla ya kuhamia kwa anayefuata. Kila mara unaandika namba moja: 1 amelala, 2 ameketi, 3 amesimama, 4 anatembea, 5 anafanya jambo zito kuliko kutembea. Pembeni unaandika somo liko katika hali gani: kupanga darasa, maelezo, mazoezi ya stamina, mazoezi ya stadi, au mchezo wenyewe. Lengo linalotumika sana ni kwamba namba 4 na 5 kwa pamoja zifikie angalau nusu ya muda wa somo.

Hesabu hizi hufichua mambo ambayo jicho la haraka hupitiwa nayo. Chukua darasa la watoto 40 na mipira mitano. Mwanachuo anapanga foleni tano za watoto wanane, na kila zamu inachukua sekunde 20. Mtoto anacheza sekunde 20 na kusubiri 140. Katika dakika 20 za mazoezi anapata zamu saba, labda nane. Uwanja unaonekana umechangamka, watoto wanashangilia, na mkaguzi anaondoka ameridhika, ilhali kila mtoto amegusa mpira kwa dakika mbili na nusu tu. Darasa hilohilo likigawanywa katika vikundi kumi vya watoto wanne, vikundi vitano vikiwa na mipira na vitano vikifanya mazoezi ya kukimbia na kubadili mwelekeo, kisha vibadilishane baada ya dakika 10, kila mtoto anapata zamu hizohizo saba au nane ndani ya nusu ya muda, na nusu inayobaki haipotei kwenye foleni.

Tahadhari: kukimbia tu si kujifunza. Darasa linaweza kuzunguka uwanja dakika 40 likapata namba nzuri mno. Kwa hiyo chagueni pia watoto watatu, mwenye uwezo mkubwa, wa kati na mdogo, na mhesabu kwa dakika tano kila mmoja amejaribu stadi mara ngapi na amefanikiwa mara ngapi. Ikiwa yule wa chini amejaribu mara nne na kushindwa zote, kazi aliyopewa ilikuwa ngumu kwake na mwanachuo hakuiona.

Sasa upande wenu wakufunzi. Kabla ya kwenda shuleni, tazameni video ya somo moja la dakika 40, kila mtu na karatasi yake. Hapo mna vipindi 120 vya sekunde 20. Mkilingana katika vipindi 102, makubaliano ni asilimia 85. Yakishuka chini ya 80, msitoke bado: irudieni video, simameni kwenye kila kipindi mlichotofautiana, na muandike kanuni. Mfano, mtoto anayerukaruka papo hapo akisubiri zamu apewe namba gani? Rudieni zoezi hili kila muhula, kwa sababu viwango vya watu huhama polepole bila wao kujua.

SWALI: Je, tuwadai wanachuo wafikie kiwango fulani cha kucheza kabla ya kuhitimu?

JIBU: Kucheza kunasaidia, lakini mchezaji hodari si lazima awe mwalimu hodari. Mtaalamu wa elimu wa Marekani, Lee Shulman, alionyesha mwaka 1986 kwamba kuna ujuzi wa pekee wa kuligeuza somo liweze kueleweka na mwanafunzi, nao ni tofauti na kulijua somo lenyewe. Huo ndio mpime.

Mwonyesheni mwanachuo video ya mtoto anayedunda mpira wa kikapu akiupiga kwa kiganja, macho yake yakiwa chini. Atoe mambo manne ndani ya dakika tano: kosa la kushughulikia kwanza, neno fupi la kumwelekeza mtoto (kwa mfano “sukuma kwa vidole”), zoezi jepesi zaidi, na zoezi gumu zaidi. Wengi hutaja makosa matano kwa mpigo na kumwamuru mtoto ayarekebishe yote. Wengine hukimbilia mechi. Yeyote asiyeweza kupanga ngazi tatu za zoezi moja hajawa tayari kukabidhiwa darasa, hata kama ni nyota wa timu ya chuo. Na kama saa za vitendo chuoni kwenu zinaishia kwenye kucheza mechi, geuzeni angalau nusu yake ziwe za kufundishana.

SWALI: Mimi ni mwalimu mlezi, ninayewaongoza wanachuo na walimu wapya shuleni. Walimu wapya huja na mbinu nzuri, lakini baada ya muda mfupi wanafundisha kama wazoefu waliowakuta. Chuo kifanye nini?

JIBU: Jambo hili linajulikana. Mwaka 1975 mwanasosholojia wa Marekani, Dan Lortie, alieleza kwamba kila anayeingia ualimu tayari ametumia maelfu ya saa akiwatazama walimu wake, na picha hiyo humrudia anapobanwa. Mafunzo ya chuo yasipoigusa picha hiyo tangu mwaka wa kwanza, hukaa juujuu. Wanachuo waandike masomo ya michezo waliyofundishwa utotoni, waseme nani alinufaika na nani aliachwa, kisha wayachambue kwa vigezo vya kozi.

Kingine ni nyinyi walezi wenyewe. Vyuo vingi huchagua shule kwa ukaribu wa barabara, halafu hushangaa. Chuo kikuite kwa siku moja au mbili, kikufundishe fomu ileile wanayotumia wakufunzi, na kipange wanachuo wawili wawili kwenye shule moja ili mmoja afundishe na mwenzake ahesabu. Mlezi asiyeiamini mbinu ya chuo ataifuta ndani ya wiki mbili bila kukusudia.

SWALI: Dodoso letu la wahitimu hurudishwa na wachache, na wote wanatusifu.

JIBU: Anayejibu kwa hiari mara nyingi ndiye aliyeridhika. Punguzeni maswali yasizidi 10, ulizeni vitendo badala ya maoni (“Wiki iliyopita ulifundisha vipindi vingapi vya michezo? Vingapi vilifutwa, na kwa nini?”), na mpige simu kwa sampuli ya waliokaa kimya.

SWALI: Tathmini imekwisha na tuna kasoro 14. Tuzirekebishe zote mwaka huu?

JIBU: Hapana. Chagueni mbili zinazogusa watoto wengi zaidi. Kila moja iwe na mhusika mmoja anayetajwa kwa cheo chake, tarehe ya mwisho, na kipimo ambacho hali yake ya sasa imekwisha kuandikwa. Mkibadilisha mambo 14 kwa mpigo, namba zikipanda hamtajua ni lipi lililozipandisha, na zikishuka hamtajua la kuliacha. Pia msihukumu mapema: badiliko lililowekwa mwaka wa kwanza wa masomo linaonekana shuleni pale kundi hilo linapofika mazoezi ya kufundisha, kwa hiyo kipimo cha pili kipangeni kwa kalenda ya kundi hilo, si kwa kalenda ya bajeti.